Ukurasa Uliosalimia Kupita Kiasi

Koboko, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kiden mwanangu,

Umekwenda Lobule kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hatakuachilia kabla hujala mara mbili na kubebeshwa karanga. Kwa hiyo nina kama saa tatu. Nimefunga duka, nimekaa kwenye benchi la nje na karatasi zangu za kuchorea mitindo, na nimemwambia mama yako kwamba nachora gauni la bibi harusi. Alipita akachungulia, akaona maneno matupu.

"Bibi harusi gani huyo," akasema, "iko na maneno mingi hivi?"

Kisha akaniacha, kwa sababu ananihurumia tangu Ijumaa.

Kesho asubuhi tutakupeleka Arua upande basi la Kampala, uanze kazi ya kutengeneza tovuti za watu ambao hawajawahi kukuona. Mambo ya kila siku sitayagusa. Mama yako amekwisha kukupa maagizo kuhusu wanaume, mafuta ya kupikia na namna ya kufunga mlango, na kwa hayo yote ananishinda. Mimi nataka kukuandikia juu ya JavaScript. Najua utacheka. Cheka, lakini usiache kusoma, maana ndani yake kuna zile siku tisa za Mvara, ambazo kwa miaka mitatu nimeshindwa kuzizungumza nawe kama mtu mzima. Naogopa zitajirudia Kampala, na Kampala siwezi kufika kwa pikipiki.

Utashangaa pia Kiswahili hiki cha kitabu. Nilikiokota nilipokuwa kijana nikishona sare huko Kenya. Kwenye ulimi kilishanitoka zamani, lakini nikishika kalamu bado kinanitii.

Unakumbuka tulivyoanza. Ulirudi kutoka mafunzo yako ya Arua na ile kompyuta ya mtumba iliyong'oka herufi tatu, ukaiweka juu ya meza yangu ya kukatia nguo, nami nikasema nataka kujifunza. Nilikwambia ni kwa sababu baba anapaswa kujua mwanawe anafanya kazi gani. Huo ulikuwa uongo. Ukweli ni kwamba fundi mmoja wa Arua, ambaye sitamtaja kwa sababu hastahili wino wangu, alikuwa ameanza kuonekana kwenye simu za wateja wangu akiwa na picha za suti. Mtu yule hajui hata kupachika mkono wa koti! Nilishikwa na wivu, basi. Katika umri wa miaka hamsini na mitatu nilirudi shule kwa ajili ya wivu.

Somo la kwanza lilikuwa sanduku. Ulinieleza kwamba katika JavaScript unatengeneza sanduku, unalipa jina, unaweka kitu ndani yake, na siku ukiweka kitu kingine, kile cha kwanza kinapotea. Hilo nililielewa upesi mno, nikajiona profesa. Nikatengeneza sanduku la kifua, sanduku la kiuno, sanduku la urefu wa suruali. Nikatoka mbio hadi jikoni kumwambia mama yako kwamba nimekiweka kiuno chake kwenye kompyuta. Akauliza ni inchi ngapi. Nikamtajia. Hatukusemezana mpaka jioni.

Somo la pili tuligombana. Ulisema kitu cha kwanza kwenye orodha kinahesabiwa kuwa namba sifuri, cha pili ndicho namba moja. Mimi nikaweka makasi chini. Nilikwambia nimeshona nguo miaka thelathini, na sijawahi kumpokea mteja namba sifuri. Nikasema hao Wazungu walioitunga lugha hii hawakulelewa na wazazi. Ukaningoja nimalize, kisha ukanyoosha kidole shingoni kwangu.

"Baba," ukasema, "tepu yako naanza wapi?"

Nikaishika tepu iliyokuwa imening'inia. Nikaangalia ncha yake. Miaka thelathini, Kiden, nimekuwa nikipima watu kuanzia sifuri na sikuwa na habari. Nilifyata mkia, nikarudi kwenye kiti, na siku ile sikuuliza swali jingine.

Halafu zikaja fanksheni, yaani kazi unayoiandika mara moja na kuipa jina. Niliandika moja ya kujumlisha vitambaa vya gauni, nikaketi kungojea jibu. Nikangoja. Nikapiga pasi mashati manne. Ulipotoka sokoni ukanikuta nimeikodolea macho ile kompyuta kama mtu anayengoja uji uchemke.

"Baba, fanksheni iko pale, lakini wewe hapana ita yeye."

"Yeye haoni mimi naandika yeye tayari?"

"Anaona. Lakini anangoja wewe uite jina yake ndiyo afanye kazi."

Mama yako alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akasema, bila kuinua kichwa, "Hiyo iko kama baba yako. Anajua kazi yote, lakini lazima mutu aite." Mlicheka nyote wawili mpaka mchele ukamwagika. Mimi nilijitia hamnazo, nikaiita fanksheni yangu kwa jina, ikanijibu, na moyoni nikashangilia kama mtoto.

Jambo lililonishinda kabisa lilikuwa yale maandishi mekundu. Kila nilipokosea, mashine iliniandikia nyekundu, na mimi nilichukulia kwamba inanipigia kelele dukani kwangu, mbele ya wateja. Nikawa naijibu. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sketi aliuliza kwa upole nina ugomvi na nani huko ndani. Wewe ulisema, "Baba, soma kwanza. Hiyo hapana matusi. Iko naambia wewe pahali inaumia." Nikasema sawa. Lakini nakiri kwako leo: ulipogeuka tu, niliyafunga bila kuyasoma. Nyekundu ikiondoka kwenye kioo, kwangu mimi hali ilikuwa nzuri.

Shika hapo kidogo. Nitakuja kuhitaji uelewe kwamba baba yako ni mtu wa namna hiyo.

Basi tukautengeneza ukurasa wa duka. Ulikuwa mzuri, sikatai. Picha za magauni, bei, pahali pa kuandika jina na vipimo, kitufe cha kutuma. Wateja wakaanza kuuona kwenye simu zao. Jumatatu iliyopita ukarudi Arua kumalizia wiki ya mwisho ya mafunzo, ukaniachia kompyuta na onyo moja: nisiguse kitu. Nami nilikusudia kutii, kweli kabisa, mpaka Jumanne.

Jumanne niliufungua ukurasa kama mteja, nikaona aibu. Mtu anaingia, na jambo la kwanza anakutana na bei! Hakuna hujambo, hakuna karibu. Mtu akifika dukani kwangu kwa miguu, namuuliza habari ya leo, habari ya nyumbani, habari ya watoto, habari ya kazi, habari ya safari, ndipo nasikia ana shida ya zipu. Nikasema huu ukurasa watu watadhani umetengenezwa na yule wa Arua. Watasema fundi wa Koboko amepata kompyuta, amepoteza adabu.

Nikaketi nikaandika salamu tano. Nilijua namna ya kufanya kidirisha kiulize swali na kungoja jibu, ulinifundisha mwenyewe. Nikajaribu. Kidirisha kikaniuliza habari ya leo. Kwa utundu nikaandika "samaki". Kikapita, kikaendelea na habari ya nyumbani kana kwamba nimejibu la maana! Nikaudhika sana. Salamu gani hiyo ambayo mtu anajibu samaki na unamwacha apite?

Ndipo nikakumbuka kitanzi. Ulinieleza kwamba kuna amri ya kurudia: maadamu jambo fulani bado, mashine irudie tena na tena, haitachoka. Nikaandika kwa kidole kimoja, nikilinganisha na daftari lako: maadamu jibu si "mzuri", uliza tena. Kwa salamu zote tano. Nikajaribu: mzuri, mzuri, mzuri, mzuri, mzuri. Ukurasa ukafunguka, ukaniambia karibu, chagua nguo. Nilikuwa na fahari, Kiden, nilitamani kuamsha baba yangu kaburini nimwonyeshe.

Jana ulipofika nilikusimulia kilichofuata, lakini nilikupa nusu yenye kuchekesha. Ulicheka, halafu ukageuka ukaenda kukunja nguo zako. Nadhani uliiona nusu ya pili mwenyewe. Hata hivyo, ngoja nikupe yote.

Ijumaa nilikuwa nimetoka msikitini, nimekaa tu kwenye cherehani, boda ikasimama. Akashuka Mama Viola, yule mama mkimbizi wa Yei, ng'ambo ya mpaka, anayekaa Lobule na kuuza samaki wakavu, ambaye kila Krismasi tunamshonea nguo za kwaya ya kanisa lake. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimefungwa ovyo, jambo ambalo kwake si kawaida. Hata kukaa hakukaa.

"Fundi, simu yako iko nasalimia mimi tangu jana. Mimi nachoka."

Mimi nikavimba kichwa. "Aa, umeona salamu! Iko nzuri?"

"Mama yangu amekufa," akasema.

Nilisimama. Nikampa pole, nikamvutia kigoda. Akakaa, simu mkononi, akaanza kunieleza kwa utaratibu, kama mtu anayeshtaki kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Mimi nataka nguo ya wanawake ya familia, kumi na mbili, rangi moja, ya kuzika. Nafungua simu. Iko nauliza habari ya leo. Mimi nasema mzuri, kwa sababu hiyo ni salamu tu. Sasa iko nauliza habari ya nyumbani." Akaniangalia. "Pale mimi nasema nini, fundi? Naandika: mama amekufa. Iko nauliza tena, habari ya nyumbani. Mimi nasema labda fundi hapana sikia sawasawa. Naandika: mama amekufa Jumatano, ndani ya nyumba. Iko nauliza tena."

"Kwa nini hukufunga tu simu?"

Alinitazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa tena. "Mutu iko nasalimia mimi, mimi naacha yeye hivyo, naenda? Mama yangu hapana lea mimi hivyo."

Alidhani ni mimi, Kiden. Alidhani upande wa pili wa simu nimekaa mimi, fundi wake wa miaka mingi, ninamuuliza tena kwa sababu nataka kusikia zaidi. Kwa hiyo akaniambia zaidi. Aliketi juu ya gunia la samaki katikati ya soko, akaandika jinsi miguu ya mama yake ilivyovimba. Akaandika kwamba siku ya mwisho alikataa uji akataka bamia. Akaandika juu ya sufuria aliyotoka nayo Yei kichwani, akagoma kumpa mtu mwingine aibebe njia nzima. Kila akimaliza, ukurasa wangu ukamuuliza habari ya nyumbani.

"Mimi nasema, huyu mutu iko na roho. Watu wote nasema pole, naondoka. Huyu nauliza tena."

"Mara ngapi, mama?"

"Kumi na moja."

"Na mwisho?"

"Mwisho mimi nachoka, naandika mzuri. Palepale ikafunguka! Ikasema karibu, chagua nguo." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Fundi, mama yangu iko nalala ndani ya nyumba, hapana zikwa bado, na mimi nasema nyumbani iko mzuri."

Nilikuwa nafikiri huo ndio mwisho wa adhabu yangu, kumbe bado. Akasogeza kigoda karibu.

"Sasa fungua ile maneno yangu. Mimi sijawahi kuandika maneno mingi hivi. Nataka mchungaji asome kwa mazishi."

Unajua tayari, wewe fundi wa haya mambo. Nilikuwa na sanduku moja tu la jibu. Kila alipoandika jipya, la awali lilipotea. Bamia ilifuta miguu, sufuria ikafuta bamia, na mwisho kabisa lilibaki neno moja ndani ya sanduku langu, neno ambalo nililingoja tangu mwanzo. Ilinibidi nimwambie hivyo mwanamke aliyefiwa.

"Yote?" akauliza.

"Yote, mama."

Mimi nikachukua karatasi ya kuchorea mitindo, hii hii ninayokuandikia, nikakaa chini sakafuni kwa sababu kiti kilinionea haya, nikamwambia: anza upya, nitaandika kwa mkono. Alisimulia mpaka alasiri. Mama yako alitoka ndani akasimama na mwiko mkononi, halafu akakaa naye. Aliponitajia sufuria niliandika "kubwa", akanirekebisha kwamba ilikuwa ndogo, ndiyo maana ilikuwa ajabu. Nilijaza karatasi nne. Nguo kumi na mbili mama yako na mimi tulikesha tukazimaliza jana kabla hujafika, na kitanzi nimekifuta kwa mkono wangu. Zimebaki salamu bila kitanzi. Ukitaka kujibu samaki, jibu samaki.

Sasa zile siku tisa.

Ulikuwa kidato cha tano Mvara, na kila Jumapili matroni aliwapa simu mpige nyumbani, dakika tatu kila mtoto. Jumapili moja nilikuuliza habari ya shule. Ukasema, "Baba, kichwa iko nauma." Nikauliza habari ya shule. Ukasema, "Baba, niko na joto, na chakula kinarudi." Nikasema, "Kiden, nimeuliza habari ya shule." Ndipo ukasema, "Mzuri, baba." Nikasema, "Eee! Ndiyo hiyo," nikamwambia mama yako anayengoja pembeni kwamba mtoto anasema mzuri, nikarudi kwenye cherehani nimeridhika.

Jumapili iliyofuata ulipiga kwa namba nisiyoijua, kumbe simu ya muuguzi, na hukungoja hata niulize. Ulianza wewe. "Mzuri, baba." Niliona umekuwa na adabu.

Nilipokuja siku ya wazazi na mfuko wa karanga, wakaniambia hupo bwenini. Uko hospitali, siku ya tisa leo, malaria imekupanda vibaya. Niligombeza matroni mpaka watoto wakatoka madarasani kutazama, na matroni yule hakuwa na kosa lolote, kwa sababu alikuwa ameambiwa na wewe kwamba baba ana habari. Nilikukuta una dripu mkononi, umekonda, macho makubwa. Nikauliza kwa nini uliniambia uko mzuri. Ukanijibu kwa sauti ndogo sana:

"Baba, mimi nikisema mbaya, wewe nauliza tena. Nikaona nianze na mzuri, tusimalize dakika ya simu ya watu."

Unajua nilichofanya na maneno hayo? Nilicheka. Nikayabeba mpaka Koboko, nikawa nawasimulia wateja: huyu binti yangu ni hodari, yuko na dripu anasema mzuri, damu ya askari hiyo! Miaka mitatu nimekuwa nikiisimulia kama sifa yako. Nimeisimulia mbele yako, ukitabasamu na kuangalia chini. Ijumaa, nikiwa sakafuni na karatasi zangu, niliisikia kwa mara ya kwanza. Ilikuwa aibu yangu mimi, na nilikuwa nikiitangaza mji mzima.

Sikutafutii visingizio, lakini nikwambie nilikokitoa kitanzi hicho. Babu yako alikuwa askari, unalijua hilo. Akirudi nyumbani kutoka kambini alitupanga uani kwa urefu, akapita akiuliza kila mmoja "Habari?", na jibu lilikuwa moja tu, kwa sauti ya juu. Siku moja nilikuwa nimeanguka kwenye ukuta wa jirani na kuvunjika mkono huu wa kushoto. Akanifikia. "Habari?" Nikapaza sauti, "Mzuri!" Akapita kwa ndugu yangu. Mkono ukajiunga wenyewe, vibaya, na ndiyo sababu mapindo yangu yote yanaenda kidogo upande wa kushoto. Wateja wanadhani ni mtindo. Wengine wameanza kuwaomba mafundi wengine wawashonee hivyohivyo.

Basi nisamehe, Kiden. Nimeandika karatasi nyingi ili nifike kwenye hilo neno, na nimelifikia. Nilikuuliza hali yako na sikutaka kuijua, nilitaka kutulizwa. Ulikuwa mtoto, unaumwa, ukanituliza. Linaniuma, na ni haki liniume.

Kampala utakosea mambo. Kioo kitajaa nyekundu, siku nyingine kichwa kitauma tena. Mimi nakuahidi kwamba ukipiga simu nitauliza mara moja, halafu nitangoja jibu lolote lile. Sijui kama nitaweza. Mdomo huu una miaka hamsini na mitatu na haufutiki kwa kubonyeza. Ukinisikia narudia swali, una ruhusa ya kunikatia simu, na mama yako atanishughulikia upande huu. Nimemwomba. Alikubali haraka kuliko nilivyopenda.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini umeingia uani na ile mizigo ya shangazi yako, nikaikalia barua. Naona kulikuwa na karanga na jogoo pia. Huyo jogoo haendi Kampala.

Sasa umekwenda kuoga, na jua bado lipo kidogo, kwa hiyo naongeza, ingawa wewe mwenyewe ulikuwepo. Nataka uone ilivyokuwa kwa upande wangu.

Nilikuuliza habari ya Lobule. Ukasema mzuri. Hiyo ilikuwa salamu tu. Halafu nikakuuliza habari yako wewe, nikakaza meno. Ukaweka mzigo chini. Ukamfunga jogoo mguu kwa utaratibu mrefu usiohitajika. Nikaona unaangalia mlango, na nikajua kabisa jibu gani linakuja, lile lile la dripu.

"Mbaya, baba," ukasema. "Mimi naogopa. Usiku nafungua mfuko, natoa nguo, narudisha. Mimi nafikiri kule watu wote wanajua mingi kuliko mimi. Nafikiri wiki mbili watasema, huyu arudi kwao."

Kiden, ulimi uliinuka wenyewe kukuuliza tena! Niliuuma. Nilitaka kukwambia usiogope, wewe ni hodari, wewe ni damu ya nani, na yote hayo nikayameza moja moja. Nikasogea tu kwenye benchi. Ukakaa. Ukaniambia juu ya yule msimamizi aliyezungumza nawe kwa haraka kwenye simu ukajibu ndiyo bila kuelewa, na juu ya chumba ambacho hujakiona, na kwamba unaogopa zaidi kunipigia siku mambo yakiharibika kuliko kuharibika kwenyewe. Nilisema "eee" mara nyingi. Sijui kama nilisema kitu kingine. Nadhani nilikushika kichwa.

Ulipokwenda bafuni mama yako akatoka jikoni, akakaribia akanong'ona, "Mtoto anasema nini?"

"Anasema mbaya," nikamwambia. "Anaogopa sana."

Akanitazama usoni. "Na wewe iko nacheka?"

Sikuweza kuzuia kicheko, Kiden. Mtoto wangu ana hali mbaya, na ameniambia mimi.

Mimi baba yako,
fundi wa cherehani, na mwanafunzi wako